Herufi Tatu Mbele ya Jina la Birago

Kumasi, ukiona sura yako imebandikwa njia panda, jambo la kwanza kujiuliza ni umekufa lini. Mabango ya misiba yamejaa kila kona, picha kubwa za marehemu waliovaa vizuri kuliko walivyowahi kuvaa wakiwa hai, na madereva hupunguza mwendo wasome nani ametangulia na mazishi ni Jumamosi ipi. Kwa hiyo Birago Asiamah alipokata kona ya Nsuoano Ijumaa ile asubuhi, akaona uso wake mwenyewe unamtazama kutoka juu ya kalavati, lile daraja dogo la kupitishia maji alilolijenga yeye, mkubwa kama mlango wa duka, alisimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi.

Hakuwa amekufa. Kwa jinsi alivyoliona jambo lenyewe saa ile, afadhali angekuwa amekufa.

HONGERA, bango lilisema. HONGERA ING. BIRAGO ASIAMAH, MHANDISI BORA WA KIKE. Chini, kwa maandishi madogo: Umoja wa Akina Mama wa Kanisa, Nsuoano. Picha ilikuwa ya mahafali ya chuo, ile aliyofumba jicho moja, ile aliyomwomba mama yake kwa magoti asimwonyeshe mtu.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba tuzo ilikuwa haijatolewa. Majaji walikuwa wanakuja saa nne kulitazama kalavati lake, kama walivyozitazama kazi za wenzake wawili waliobaki naye kwenye kinyang'anyiro, na jina la Mhandisi Chipukizi wa Kike lingesomwa saa tisa kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Kosa hilo lingechekwa likaisha. Mama ni mama, anamtangaza mwanawe mshindi kabla ya mashindano, nani hajui.

La pili ndilo lililomtoa kijasho. Zilikuwa zile herufi tatu mbele ya jina. Ing., cheo cha mhandisi aliyesajiliwa, si pambo la mtu kujichagulia kama hereni. Unamaliza chuo, unafanya kazi miaka, halafu unakaa mbele ya wahandisi watano waliokunja uso wanakuuliza wanachotaka, na wakiridhika ndipo unaruhusiwa kuziweka. Ukiziweka kabla, unaweza kufungiwa usikae tena kwenye kile kiti. Na mwenyekiti wa majaji, Ing. Frema Adade, alikuwa na sifa moja iliyovuma kila ofisi ya wahandisi: mwaka uliopita alimfuta binti mmoja kwenye tuzo hiyohiyo kwa sababu alizichapa herufi hizo kwenye kadi zake kabla ya wakati. Hakumpigia kelele. Alimfuta tu, akaendelea na chai yake.

Birago hakuwa Ing. Alikaa mbele ya wale watano mwezi wa tatu, akafeli.

Na mama yake alikuwa hajui.

Chini ya bango walikuwa wamejipanga akina mama wa umoja, sare zao nyeupe na buluu zimepigwa pasi mpaka zinakata, vilemba vimesimama. Mbele yao alikuwa Maame Dufie, mama yake Birago, mwenye mgahawa wa fufu, ule ugali laini wa muhogo, pale njiani na mwenyekiti wa umoja, mwanamke ambaye hata akinong'ona watu wa ng'ambo ya barabara wanaitika.

"Umeona eh," alisema. "Nimekwambia mimi siji mkono mtupu. Usiniambie hujapenda."

"Maame, nani kalitundika?"

"Nani kama si sisi. Anti Nyarkoa kapanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale."

"Na nikashikwa kizunguzungu kule juu," alisema Anti Nyarkoa, makamu wa mama yake, ambaye uenyekiti ule alikuwa ameutamani tangu sare ikiwa ya rangi nyingine. "Ukishinda unikumbuke. Ukishindwa unikumbuke vilevile, magoti hayajui tofauti."

Wenzake walicheka. Birago hakuweza. Aliangalia saa, akaangalia barabara, akaangalia tena saa.

"Lishushwe," alisema.

"Lishushwe kwa nini?"

"Sijashinda bado. Majaji wanakuja sasa hivi, wataona tumewatangulia. Watachukia."

Maame Dufie aliwaza kidogo. Halafu akavua kitambaa cha begani, akamwita mmoja apande, na kitambaa kikabanwa juu ya neno BORA. Bango sasa likawa linampongeza Ing. Birago Asiamah kwa kuwa mhandisi wa kike.

"Haya. Sasa ni ukweli mtupu, hakuna wa kununa," alisema, na kina mama wakapiga makofi.

"Na hizo herufi za mbele, Maame?"

"Zipi, hizo nyekundu? Hizo ndizo zenyewe. Yule kijana wa mabango alizifanya ndogo kama anaona haya, nikamgombeza azirudie. Mwanangu ahangaike miaka yote ile halafu tufiche?"

Birago aliangalia barabara tena.

Yote yalianza na neno moja, na neno lenyewe hata uongo si uongo. Kumasi nzima, kuanzia mfalme mpaka mpakia mizigo, ukimuuliza mtu hali anakujibu *Nyame adom*, kwa neema ya Mungu. Mzima anasema kwa neema. Aliyelala njaa anasema kwa neema. Aliyeachwa na mume jana anasema kwa neema na kukuulizia watoto. Ni neno la kupitisha salamu watu waendelee na safari zao. Basi jioni ile ya mwezi wa tatu, mama yake alipompigia simu kumuuliza mahojiano yamekwendaje, Birago alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwake na viatu bado miguuni. Akajibu kama mtu anavyojibu. "Kwa neema, Maame."

Upande wa pili vikapasuka vigelegele. Mama alikuwa amesikia kafaulu. Akawaita wateja waje wasikie, akaimba, akaiweka simu karibu na spika ya redio ili Birago asikie na muziki. Birago alingoja nafasi ya kusema hapana, si hivyo. Nafasi ikapita. Kesho yake ingekuwa ngumu zaidi, na wiki iliyofuata hata zaidi ya hapo, na mtu hujipa moyo kwamba atarudia mahojiano na kufaulu kabla ya yeyote kujua. Ujinga huo si wake peke yake. Tuseme ukweli, wengi wetu tumeufanya.

"Maame, njoo huku kidogo," alisema sasa, akamshika mkono. "Nina neno."

"Sema hapahapa, hawa ni watu wetu."

"Huku, tafadhali."

Mama alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akasogea hatua moja. Lakini Anti Nyarkoa, ambaye masikio yake hayakuwa mabovu kama magoti, alisogea naye, akisema kilemba cha Maame Dufie kimelala upande. Akaanza kukinyoosha. Birago akangoja akinyooshe. Na hapo gari jeupe likapinda kona, na akina mama wakaanza kuimba.

Majaji walikuwa watatu. Wanaume wawili walishuka wakifinya macho kwa jua. Ing. Adade alishuka mwisho, mfupi, nywele zimekatwa karibu na kichwa, buti zake zimekula tope la sehemu nyingi. Hakutazama bango. Alikwenda moja kwa moja kwenye kalavati, akachuchumaa ukingoni, akachungulia.

"Zamani maji yalipita wapi?"

"Juu ya barabara, Madamu. Kila mwezi wa sita. Matundu yalikuwa mawili na yalikuwa membamba, yanazibwa na takataka."

"Na wewe ukaweka matatu."

"Ndiyo. Na mapana. Na haya mawe ya upande wa kutokea ni ya kuvunja nguvu ya maji, yasichimbe chini ya zege."

"Mvua ya mwaka huu?"

"Hayakupanda. Watoto hawakukosa shule hata siku moja."

Alijibu vizuri, na wala hakujisikia anajibu. Nusu ya akili yake ilikuwa imesimama mgongoni, inalinda bango kwa kisogo kama mtu anayeficha doa la nguo. Ing. Adade aliuliza hiki na kile, akagonga zege kwa kifundo cha kidole, akamwambia mwenzake jambo lililomfanya mwenzake aitikie kwa kichwa. Birago aliona kile kichwa kinaitikia na moyo ukampanda. Kwa kitambo kidogo aliamini kabisa kwamba watageuka, waingie garini, waondoke bila kuinua macho.

Ing. Adade alisimama, akajipangusa magoti, akawageukia akina mama ili awashukuru kwa wimbo. Macho yakapanda.

Alisoma polepole. Birago alijua kwamba Ing. Adade amezifikia zile herufi kwa jinsi kidevu chake kilivyosimama.

"Ing.," alisema. "Umepata lini?"

"Mwezi wa tatu," Maame Dufie alidakia, kifua mbele. "Mara ya kwanza tu, Madamu. Hakurudia."

"Nimemuuliza yeye, Mama."

Wimbo ulikuwa umepungua mpaka wakabaki wawili wanaoimba, nao wakakoma. Birago aliona mama yake anamtazama kwa furaha isiyo na shaka hata chembe, anamsubiri aseme ndiyo. Neno lile la salamu lilimjia ulimini lenyewe, laini, tayari. Angelisema, na Ing. Adade angebaki na bango na shaka yake.

"Bado, Madamu," alisema. "Nilikaa mwezi wa tatu. Sikufaulu."

Alihisi tu mama yake pembeni amekuwa mzito, kama mtu aliyebebeshwa kitu ghafla.

"Hukufaulu," Ing. Adade alirudia. "Na nani kaandika hivi? Unajua maana yake hii. Unajua mwaka jana nilifanya nini."

"Najua."

"Basi nani?"

"Mimi," alisema Maame Dufie.

Birago aligeuka.

"Ni mimi," mama alisema tena, na sauti yake kubwa ile ilikuwa imesinyaa, lakini haikutetereka. "Mwanangu aliniambia wazi. Aliniambia, Maame, nimefeli. Mimi nikaona haya, maana nilikwishajitapa kwa watu. Nikaandika kwa ukaidi wangu. Yeye hata bango hakulijua mpaka leo. Mwandike hivyo, Madamu. Mtoto hana kosa."

Aliyasema yote akimtazama Ing. Adade, wala hakumtupia Birago hata jicho. Ilimchukua muda gani kuelewa na kuamua? Muda wa kumeza mate. Na Birago akajua, palepale, kwamba tuzo ilikuwa imerudi mikononi mwake salama, imefutwa vumbi.

Kisha akamsikia Anti Nyarkoa.

"Dufie," alisema Anti Nyarkoa, taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Ulijua? Ulitusimamisha kanisani tukamshukuru Mungu, ukatuchangisha, ukanipandisha mimi ngazi, na unajua ni uongo?"

"Nilijua."

"Mwenyekiti wetu."

"Nimesema nilijua, Nyarkoa. Unataka niimbe?"

Akina mama walianza kutazamana. Mmoja alikuwa tayari ameshavua kilemba. Birago aliona namna mama yake alivyosimama, mikono imeshikana mbele ya sare, mwanamke ambaye miaka yote aliwafokea watu kwa uongo wa senti, amekubali kuwa mwongo mbele ya mtaa mzima. Kitu pekee kilichotakiwa kutoka kwa Birago ni kunyamaza. Anyamaze tu, hadi saa tisa. Akatamani sana kunyamaza. Naomba nisimpambe: alitamani.

"Hakujua," alisema.

"Birago, nyamaza."

"Hakujua, Madamu. Sikumwambia. Aliniuliza yamekwendaje, nikamjibu kwa neema. Akadhani nimefaulu. Nikamwacha adhani, tangu siku ile mpaka leo. Hilo bango ni langu, hata kama sikulitundika."

Ing. Adade alilitazama tena bango, kisha akamtazama yeye.

"Ukamjibu kwa neema," alisema.

"Ndiyo."

Mmoja wa wale majaji wanaume aliinama kuvitazama viatu vyake, na bega lake likatikisika kidogo, ila kicheko hakikutoka. Ing. Adade hakucheka wala hakukasirika. "Lishusheni," alisema. "Tutaonana saa tisa." Wakaingia garini wakaondoka, na hakuna aliyeweza kusema wamekwenda na nini kichwani.

Bango lilishushwa. Anti Nyarkoa alipanda tena ngazi bila kuombwa, akiguna kwa kila daraja, na aliposhuka akamkabidhi Maame Dufie kitambaa chake cha begani, amekikunja vizuri. "Mtu wangu," alisema tu, "ungeniambia nikusaidie kudanganya. Wewe hujui." Ulikuwa upole mkubwa kuliko wote aliowahi kumfanyia.

Lakini kwa Birago mama hakusema kitu. Hakusema walipokwenda kubadili nguo, hakusema ndani ya teksi, mkoba umekumbatiwa mapajani, uso dirishani. Kelele za mama yake Birago alizizoea tangu utoto, alijua pa kujificha zisimpate. Kimya hiki hakukijua. Mara tatu alijaribu kuanza na mara tatu akaishia kumuuliza kama jua linamchoma.

Ukumbini waliketishwa meza ya mbele na wale wasichana wengine wawili, kila mmoja na wazazi wake. Wali wa jollof, ule wa nyanya, uliletwa, ukapoa. Kulikuwa na hotuba, halafu hotuba ya kumshukuru aliyehutubu. Bahasha ilikuwa mezani jukwaani, chini ya glasi ya maji, na Birago aliikodolea macho mpaka ikaanza kucheza. Labda jina lake lilikuwemo. Labda lilikuwemo jana na leo limetolewa. Ile sauti ya mama aliyoingoja tangu asubuhi ilimjia bila kutarajia, ya chini kabisa.

"Siku ile. Ulilia?"

"Ndiyo, Maame."

"Peke yako chumbani?"

"Ndiyo."

Mama alikisogeza kijiko, akakirudisha kilipokuwa.

"Na mimi huku nacheza," alisema. "Na sufuria mkononi. Unalia, nakuwekea redio usikie."

Birago alimshika mkono chini ya meza, mama akauacha ushikwe.

Jina lililosomwa lilikuwa Esinam Agbenyo, kwa kazi yake ya kupeleka hewa chini ya mgodi kule Tarkwa. Msichana mwenyewe alipiga ukelele mfupi akajiziba mdomo, baba yake akasimama, akakaa, akasimama tena. Birago alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu na kwa haki, maana kazi ya yule binti alikuwa ameisoma na ilikuwa nzuri, na alipomaliza kupiga, mikono haikujua iende wapi. Kama ni bango lililomkosesha, kama ni hewa ya mgodi iliyomshinda, hatajua. Hakuna atakayemwambia na hakuna anayewajibika kumwambia. Hilo lilimuuma pahala pake, na kushindwa kukamuuma pahala pake pengine.

Watu waliinuka kupiga picha. Ing. Adade alianza kupita meza moja baada ya nyingine, anasalimia wazazi, mkono, maneno mawili, anasonga mbele, kama wanavyofanya wakubwa wenye shughuli. Alifika kwao na tabasamu la kazi.

"Mama, hujambo? Mzima?"

"Kwa nee," alisema Maame Dufie, akasita.

Neno lilikatika katikati. Alilitazama pale lilipoishia, mbele yake, kati ya sahani za wali uliopoa. Kisha akamwinulia uso yule mkubwa, na sauti yake ya mgahawani ikarudi, ile ya kusikika ng'ambo ya barabara, na meza mbili za jirani zikageuka.

"Hapana, Madamu. Leo si mzima. Mwanangu ameshindwa mara mbili mwaka huu, mara ya kwanza alilia peke yake, na mimi inaniuma."

Ing. Adade alibaki na mkono wake hewani. Kwa salamu ile lipo jibu moja tu, na yeye alikuwa amejiandaa kulipokea na kuendelea na safari. Aligeuka akaitazama meza iliyofuata, ambako watu walikuwa tayari wamesimama kumpokea. Halafu akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakaa.